Kiko cha Waya

Mama Euphrasie alikuwa amevuta kiko tangu kabla hajaolewa. Alijifunza kwa bibi yake kule Katana, kama wasichana wengine wa wakati wake walivyojifunza: kwanza unatumwa kaa la moto jikoni, halafu unaambiwa ukivute mara mbili kisizimike njiani, na siku moja unagundua kwamba hukitumikii tena kiko cha mtu, una chako. Alivuta akilima, akimenya mihogo, akingoja wajukuu wazaliwe. Padri alimzoea. Mumewe, hadi alipofariki, ndiye aliyekuwa akimlimia tumbaku nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo daktari alipomwambia, akiwa na miaka sabini na minne, kwamba mapafu yake yamechoka na kiko lazima kizimwe, alimsikiliza kwa heshima, akamshukuru, akatoka nje ya geti akakiwasha.

Wiki mbili baadaye alianguka shambani kwa kukosa pumzi. Mwanawe Bulonza akaja na teksi yake kutoka Bukavu, akamchukua hadi kwake Cimpunda ili awe karibu na daktari wa kifua. Safari hiyo kiko kilibaki Katana, juu ya dari.

Bulonza alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mtu wa maneno machache, dereva wa teksi kati ya mitaa ya Essence na Nyawera kwa miaka kumi na tisa. Na ingawa Mama Euphrasie ndiye aliyemzaa, hawakuwa wamezoeana. Alipokuwa na miaka saba alipelekwa mjini kulelewa na baba yake mdogo, Gaston, ambaye alikuwa na kazi nzuri lakini hakuwa na mtoto wa kiume. Tangu hapo alimwona mama yake wakati wa Krismasi, kwenye harusi na kwenye matanga. Alimheshimu sana. Akimpigia simu alimuuliza afya, mvua na maharage, na baada ya maharage wote wawili walikuwa hawana la kuongeza.

Majuma ya kwanza Cimpunda yalikuwa magumu. Mama Euphrasie hakulalamika, ila aliacha kula. Mikono yake ilikuwa ikitafuta kitu mapajani, haikipati, inarudi. Asubuhi moja Adélaïde, mke wa Bulonza, alimkuta amepiga magoti mbele ya mbabula, jiko la makaa, amefunga macho, anavuta moshi kwa pua.

"Papa Merveille," Adélaïde alimwambia mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza kama kawaida yake, "mama yako atatufia hapa kwa huzuni kabla mapafu haiyamuue. Ongea na Rosette."

Rosette alikuwa mdogo wake Bulonza, mfanyabiashara wa vitenge aliyehamia Kampala. Siku sita baadaye, abiria mmoja wa basi alileta mzigo wake: sanduku dogo la chuma linaloenea kiganjani, lenye mdomo wa plastiki na kitufe kimoja, na chupa mbili za maji yenye harufu ya tumbaku. Ndani ya sanduku kulikuwa na pile mbili, betri za duara, nene kuliko kidole gumba. Ukibonyeza, waya mdogo unapata moto, maji yanageuka mvuke, unavuta.

Daktari wa kifua alikigeuza kile kitu mikononi mwake muda mrefu. "Hii si dawa," alisema. "Sitaki useme nilikuandikia. Lakini kati ya hii na kiko ya moshi, ninachagua hii, na kila mwezi unapunguza. Tumeelewana, maman?"

"Tumeelewana, docteur," alisema Mama Euphrasie, na safari hii alimaanisha.

Hakikumfurahisha. "Iko na baridi," alisema baada ya kuvuta mara ya kwanza. "Haina hata jivu." Lakini jioni ile alikula ugali wote na samaki wadogo wa sambaza, akaomba nyingine. Adélaïde alisimama mlangoni akimtazama, machozi yakimlengalenga, akaenda kuongeza maji ya moto.

Furaha hiyo ilidumu siku kumi na saba. Rosette alikuwa amekinunua kwa mtu aliyekwisha kukitumia, na pile zake zilikuwa zimezeeka. Mtaani umeme ulikuwa ukija kwa saa mbili na kupotea siku mbili. Hata ulipokuja, pile hazikujaa, na moja ilianza kupata joto la kutisha kwenye chaja. Bulonza alizichomoa, akazifunga kwenye kitambaa, akazipeleka kwa Delphine.

Delphine alikuwa na meza ya kutengeneza simu na redio karibu na soko la Kadutu. Alikuwa mama wa watoto watatu, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na watu walimfuata kwa sababu alikuwa akikuambia kitu chako kimekufa kama kweli kimekufa. Alizipima zile pile.

"Hii imekufa. Hii ingine inajikaza tu."

"Nipe zingine."

"Ziko. Ma sitakupa." Alivuta boksi chini ya meza, limejaa pile za kila rangi. "Unaona? Zinatoka mu ma-ordinateur, kompyuta za kufa. Banazivalisha nguo mupya, banaandika namba kubwa. Kwa tochi, sawa. Lakini koko, mama yako, anaweka hii kitu karibu na uso wake. Siku ikipasuka, mimi nitaenda kwenye matanga yake na uso gani?"

Bulonza alifikiria ile asubuhi ya mama yake mbele ya mbabula.

"Rosette atatuma mupya," alisema. "Atazitafuta za kweli. Inaweza kuchukua mwezi. Ao miezi miwili."

"Na kwa sasa?"

"Kwa sasa sijui."

Delphine alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaangalia barabarani ambako teksi ya Bulonza ilikuwa imesimama, gurudumu moja juu ya jiwe.

"Gari yako iko na allume-cigare?"

"Ile tundu? Iko. Bateja banachajia mo simu."

"Basi, tuache pile. Tuivutishe umeme ya gari."

Ilimchukua siku mbili. Betri ya gari ina nguvu nyingi mno kwa kitu kidogo vile, alieleza. Ukiifunga moja kwa moja, waya wa ndani utaungua mara moja, na pengine mdomo wa mtu pia. Akaweka katikati kibao kidogo cha kupunguza umeme, alichokitoa kwenye mashine nyingine, akakifungia ndani ya kopo la maziwa ya unga. Akakata mpini wa fagio vipande viwili vya urefu wa pile, akavichonga kwa kisu hadi vikaingia kwenye sanduku bila kucheza, akavipigilia skrubu za shaba kwenye ncha, akapitisha waya. Kwa nje ungedhani ni pile. Kisha akaweka fyuzi.

"Sikia vizuri, papa Bulonza. Hii ikikatika, usiweke mo waya ya kawaida, usiweke mo papier ya sigara, usijifanye mecanicien. Unarudi kwangu. Na asivute kama moteur imezima, atakumalizia betri."

Waya ulikuwa na urefu wa mita moja na nusu, basi. Mtu wa kuvuta alilazimika kukaa kiti cha mbele.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kazi, Bulonza aliwasha injini uani, akamkalisha mama yake, akachomeka. Mama Euphrasie akabonyeza. Mvuke ukajaa kwenye kioo cha mbele. Akavuta tena, taratibu, mabega yakashuka. Bulonza alisimama nje akimngoja amalize. Majirani waliokuwa wakienda kuteka maji walipita, wakasalimia, wakageuka nyuma kuangalia.

"Mama, shuka basi. Minachelewa."

"Bado."

"Mama, bateja banangoja pa Essence."

Mama Euphrasie alifunga mlango kwa ndani, akakunja kitenge chake vizuri juu ya magoti. "Nani amekukataza kuendesha?"

Basi akaendesha.

Watu wa Bukavu wameona mambo mengi, lakini siku ile waliona jipya. Mwanamume mmoja mwenye tai na bahasha ya kazi aliingia nyuma kwenye kituo cha Major Vangu, akakaa akisoma simu yake. Walipofika karibu na Nyawera, kwenye msongamano, aliinua macho akaona wingu jeupe likipanda kutoka mbele.

"Shofere! Gari inaungua!"

Kabla Bulonza hajafungua mdomo, jamaa alikuwa amekwisha kufungua mlango, ameruka, amesimama katikati ya pikipiki akiinua bahasha juu kama mtu anayevuka mto. Mama Euphrasie alitoa kichwa dirishani. "Baba, rudi! Ni miye tu!" Mwanamume alimwangalia yule bibi na mvuke ukimtoka puani, akarudi ndani akakaa. Ndipo mwanamke aliyekuwa kando yake akaanza kucheka. Mama Euphrasie naye akacheka hadi akakohoa, na Bulonza, aliyekuwa akishika usukani kwa mikono miwili kwa aibu, akasikia kicheko kikimtoka tumboni bila ruhusa. Alijaribu kukumbuka ni lini yeye na mama yake walicheka jambo moja kwa wakati mmoja. Hakukumbuka.

Kesho yake alipotoka kunawa uso, alimkuta amekaa tayari kiti cha mbele.

Mwanzoni alihesabu hasara. Kiti cha mbele huchukua watu wawili, na Adélaïde alimkumbusha hivyo, kwa upole. Halafu akaacha kuhesabu, maana abiria walianza kumngoja. Pale Essence wauza unga wa mihogo waliuliza, "Gari ya koko imepita?" Mama Euphrasie aliongea Kimashi na watu wa Kabare na Walungu, na kwa wengine Kiswahili chake cha kuokoteza, na ndani ya juma moja alijua nani ana mtoto anayefanya mtihani na nani mume wake yuko Kamituga kwenye dhahabu na hajapiga simu. Akiingia mwanamke mjamzito au mwenye kichanga, alikuwa akichomoa waya mwenyewe, anauviringa, anauweka mapajani hadi ateremke. "Vioo chini," alimwamuru Bulonza kila mara. "Batu hawakulipa juu ya kunusa tumbaku yangu."

Na katikati, pale teksi ilipokuwa tupu, waliongea. Si sana. Aliuliza jengo hili ni la nani, barabara ile inaenda wapi. Alimwambia mwanawe habari za watoto wake wawili waliokufa wakiwa wadogo, ambao Bulonza alijua majina yao tu. Akamwambia kwamba baba yake alikuwa akiogopa ngurumo. Bulonza alikuwa na nywele nyeupe, na alisikiliza habari hizo kama mtu anayesomewa barua iliyochelewa.

Siku moja mchana, wakitoka kumpeleka mteja Muhungu, Mama Euphrasie alisema, "Ilikuwa huku, nyumba ya Gaston?"

"Ni ile ya bati ya kijani. Wameiuzisha."

"Simama."

Akasimama. Nyumba ilikuwa imejengewa ukuta mpya, na mbwa alibweka nyuma yake. Mama Euphrasie aliitazama muda mrefu, kidole kimekaa juu ya kitufe bila kubonyeza.

"Ulilala wapi?"

Bulonza aliona kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. "Mu koridoo," alisema. "Karibu ya mifuko ya makaa. Haikuwa mubaya, mama. Kulikuwa joto."

"Mu koridoo."

"Walikuwa na wageni wengi."

"Na viazi vilifika? Na maharage? Kila mwisho wa mwezi nilikuwa natuma na lori ya misioni. Na siagi, mara mingine, mu kopo. Nilikuwa naweka alama ya uzi mwekundu ju ujue ni yako."

Bulonza aliukumbuka uzi mwekundu. Aliuona mara nyingi kwenye mifuko jikoni kwa mke wa Gaston, na mara moja alifungia mpira wa majani ya ndizi nao. Hakuna aliyemwambia ni wake.

"Vilifika," alisema. "Nilikula."

Sauti yake ilikuwa imebadilika, na mama yake alisikia. Aliweka mkono wake mkavu shingoni mwa mwanawe, pale nywele zinapoanzia, akauacha hapo hadi mwanamke mwenye vikapu alipogonga dirisha akauliza kama wanaenda uwanja wa Place.

Mwisho wa Agosti, Mama Euphrasie alianza kuzungumzia shamba. Mvua za Septemba zilikuwa njiani, na jirani aliyeachiwa shamba lake alikuwa mvivu. Daktari alisema kifua kinasikika vizuri zaidi, na kwamba akikaa mbali na moshi anaweza kurudi.

"Hii kitu ikijifunza kutembea peke yake," alisema, akigonga sanduku kwa ukucha, "mimi nitaenda. Maharage haingojake mutu."

Siku tatu baada ya hapo, wakala wa mabasi alimpigia Bulonza simu. Mzigo wa Rosette umefika. Alikwenda kuuchukua peke yake, saa ya chakula. Kulikuwa na pile nne mpya, kila moja ndani ya kasha lake, chaja ndogo, na kipaneli cha jua cha kukunjwa kama kitabu. Alivitazama akiwa amesimama nyuma ya gari. Kisha akainua zulia la buti, akaviweka kwenye shimo la tairi ya akiba, akafunika.

Alijiambia atamwambia jioni. Jioni alijiambia Jumapili. Jumapili ilipita. Kila asubuhi alimkuta amekaa kiti cha mbele na kitenge kimekunjwa magotini, naye alichomeka waya, na kila alipochomeka alijiona kama mwizi, lakini mwizi mwenye furaha. Mvua ya kwanza ikanyesha. Mama yake aliitazama kupitia kioo, akanusa.

"Rosette hajapata bado?" aliuliza.

"Bado, mama."

Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu mzigo ufike. Rosette alimpigia Adélaïde baada ya misa kumsalimia, akaomba kuongea na mama. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Mama Euphrasie alirudisha simu, akaingia chumbani, na chakula cha mchana akasema hana njaa.

Jumatatu asubuhi kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, viatu miguuni, mfuko wake umefungwa.

"Leta vitu vyangu," alisema.

Bulonza hakuuliza vitu gani. Alikwenda kwenye buti, akarudi navyo, akaviweka chini mbele ya miguu yake, na kwa kuwa hakujua afanye nini tena, akachuchumaa hapo hapo.

"Mbuzi wangu nikimufunga, kila mutu anaona kamba," alisema Mama Euphrasie. Hakupaza sauti. "Weye ulinifunga na kunichekea. Kila asubuhi. Na mvua inanyesha."

"Mama, nisamehe."

"Kwa nini?"

Adélaïde alikuwa amesimama jikoni. Bulonza aliangalia mikono yake.

"Juu ukienda, itarudi simu," alisema. "Afya, mvua, maharage. Sikukaa na weye hata mwaka moja nikiwa na akili. Hii miezi mbili... Niko muzee, mama, nasikia haya kusema. Nilitaka ikae tena kidogo."

Mama Euphrasie alimwangalia utosini. Uso wake ulitaka kulegea, haukulegea.

"Nipeleke nyumbani," alisema.

Alikaa kiti cha nyuma. Adélaïde alikaa kando yake ili asiwe peke yake. Walipita soko la Kadutu bila kusimama. Barabara ya Katana ilikuwa na matope baada ya mvua, na Bulonza aliendesha polepole, akikwepa mashimo, akimwangalia mama yake kwenye kioo. Alikuwa ameweka pile mpya kwenye sanduku lakini hakuwa akivuta. Alikuwa akiligeuza tu mikononi.

Walipofika Kavumu, kupita kidogo njia ya uwanja wa ndege, alisema, "Simama pale."

Hapakuwa na kitu pale. Kulikuwa na mfereji, na mwanamke aliyetandika nyanya kwenye gunia. Mama Euphrasie alishuka, akasimama kando ya mfereji, Bulonza akashuka akasimama mbali naye kidogo.

"Unakumbuka hapa?"

"Hapana."

"Unakumbuka nini ya ile siku, walikuleta kwa Gaston?"

Bulonza alifikiri. "Ndege," alisema. "Nakumbuka niliona ndege inashuka. Nilifurahi sana."

"Nilikuambia tunakuja kuangalia ndege," alisema Mama Euphrasie. "Nilikuambia tutaangalia ndege na jioni tutarudi. Baba yako alitaka nikuambie kweli, mimi nikakataa. Niliona ungelia, na ukilia sitaweza. Tulisimama hapa. Ulipokuwa unaangalia juu, Gaston akakushika mukono, mimi nikarudi nyuma, nikapita mu ile mahindi. Ilikuwa mahindi, wakati ule. Nilisikia unaniita. Nikaendelea kutembea."

Lori lilipita, likarusha matope, mwanamke wa nyanya akalitukana.

"Kwa hiyo nilipojua jana ulinificha," alisema, "hasira yangu yote haikuwa yako. Ingine ilikuwa ya kwangu. Miaka makumi ine na nne nimeitunza."

Bulonza hakumbuki kama alisema kitu. Adélaïde, aliyekuwa ameteremsha kioo, ndiye aliyesimulia baadaye kwamba wawili hao walisimama kando ya mfereji kama watu wanaongoja gari, mama akiwa amemshika mwanawe kwenye mkono wa shati, na kwamba muuza nyanya, bila kuombwa, aliwaletea kigoda.

Waliporudi garini, Mama Euphrasie alifungua mlango wa mbele.

Katana walikuta shamba limejaa magugu, kama alivyohofu. Bulonza alikuwa amepanga kurudi siku ile ile. Alimpa Adélaïde simu awapigie wateja wawili wa kila siku, akavua viatu, akaomba jembe. Hakuwahi kulima tangu utoto, na kabla ya jua kutua viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. Asubuhi, jua lilipokuwa likipanda juu ya Idjwi na ziwa limetulia, walianza kupanda. Yeye alichimba, mama yake alifuata kwa nyuma, amekaa kwenye kigoda alichokuwa akikisogeza, akitia mbegu.

"Ona hii mustari yako," alisema. "Imelewa."

"Nitanyoosha."

"Acha. Itaota tu."

Alivuta mara moja, akakiweka kile kisanduku mfukoni. Kipaneli cha jua kilikuwa juu ya paa la jikoni, kimefungwa kwa kamba ya mgomba, na majirani walikuwa wamekwisha kuja na simu zao.

Bulonza alikaa siku tatu. Siku hizi teksi haifanyi kazi Jumamosi ya pili na ya nne ya mwezi, na wauza unga wa Essence wanajua sababu. Mama Euphrasie bado anakohoa kukiwa na ukungu ziwani. Daktari amempunguzia maji ya tumbaku mara mbili, na mara ya pili hakuona tofauti, au alisema hivyo. Maharage yaliota. Mavuno yake hayakuwa makubwa, kwa kuwa mvua ilikatika Novemba, lakini mfuko mmoja ulifika Cimpunda, na Bulonza aliubeba mwenyewe begani kutoka kwenye gari hadi jikoni, ingawa majirani walijitolea kumsaidia.